Gonjwa Likifunga Kumbi: Laivu, Studio, Onyesho la Nje au Redio? Ulinganisho kwa Wasanii wa Arusha na Moshi

Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania aliingilia mlango wetu wa Kaskazini. Alitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tarehe 15 Machi 2020 akitokea Ubelgiji, na kesho yake Wizara ya Afya ikawaambia wananchi kuwa yupo Arusha. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kusimamisha mikusanyiko, maonyesho ya muziki yakiwemo. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimama hadi 18 Mei. Kwa bendi ya hotelini na kwa kikundi cha ngoma kinachopokea watalii kwenye loji, pigo lilitangulia hata zuio lenyewe, maana wageni walishaanza kufuta safari. Nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 ilipokea laki 6 na ushee mwaka 2020.

Korona imepita, lakini mlango haukufungwa nyuma yake. Marburg ilizuka Bukoba Machi 2023, ikarudi Kagera, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Machi 2025 wagonjwa wawili wa mpox walithibitishwa nchini. Kipindupindu tumekizoea kiasi kwamba hatukiiti tena dharura. Msanii anayeishi kwa jukwaa anapaswa kujua mapema atakimbilia wapi siku kumbi zikifungwa, kwa sababu siku hiyo ikifika hakuna muda wa kupima: kila mtu anashika kamba iliyo karibu, na mwaka 2020 kamba iliyokuwa karibu ilikuwa simu na laivu. Nitalinganisha laivu, studio, onyesho la nje, redio na kampeni, na kufunga kabisa, kwa kadiri zilivyofaa au kutofaa kwa vikundi vya ukubwa wetu. Naeleza wazi tangu mwanzo kwamba laivu haiko juu kwenye orodha yangu.

Kwanza uliza: gonjwa linaambukizwaje?

Swali hili watu huliruka, na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Magonjwa hayafanani, kwa hiyo hata jukwaa moja linaweza kuwa salama kwa gonjwa hili na la hatari kwa lile.

Korona husafiri kwa hewa, na kuimba hutoa vitone vingi vya pumzi kuliko kuzungumza. Mfano unaotakiwa kujulikana na kila mwalimu wa kwaya ni wa kwaya moja ya wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Katika wale wengine, 32 walithibitishwa kuambukizwa na 20 walihesabiwa kuwa huenda waliambukizwa. Watatu walilazwa na wawili wakafariki. Hawa hawakuwa kwenye tamasha kubwa. Yalikuwa mazoezi ya kawaida ya jioni, kama yale yanayofanyika katikati ya wiki kwenye sharika na parokia zote kuanzia Machame hadi Marangu, mara nyingi ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya baridi. Mwaka 2020 nyumba za ibada hazikufungwa Tanzania, kwa hiyo kwaya ziliendelea kukutana wakati bendi zimezuiwa, ingawa kwa gonjwa la hewa kwaya ndiyo ilikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kipindupindu ni habari nyingine kabisa. Hakiambukizwi kwa wimbo wala kwa kucheza. Hatari ipo kwenye maji ya kunywa, kwenye chakula kilichoandaliwa na kuachwa, kwenye choo kisicho na maji ya kunawa. Wakati wa kipindupindu onyesho laweza kuendelea kama mamlaka hazijazuia, ilmradi hakuna chakula cha kuuzwa kiholela na ndoo za maji tiririka zipo mlangoni na chooni. Mara nyingi kinachotakiwa kubadilishwa ni mpishi na mwenye ukumbi, muziki ukabaki palepale.

Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu. Mpox huambukizwa zaidi kwa ngozi kugusana na kwa vitu vilivyoguswa na vidonda. Hapa wa kuchunga ni vikundi vya ngoma: kubadilishana mavazi yenye jasho, kuvuliana njuga, kubebana, kucheza msibani. Mpiga gitaa aliyekaa peke yake kwenye kiti ana hatari ndogo kuliko mchezaji anayeshikana mikono na wenzake kumi.

Pili: nani anakulipa?

Swali la pili ni la mfuko. Wasanii wa hapa hulipwa na watu wa aina nne au tano: watalii na hoteli, kamati za harusi na send-off, baa zenye kiingilio au zisizo nacho, makanisa, na miradi ya mashirika. Kila mlipaji huanguka kwa namna yake. Mtalii hutoweka kabisa na hurudi taratibu. Kamati ya harusi huahirisha: michango imeshachangwa, bibi harusi yupo, tarehe ndiyo inasogea. Baa hupunguza. Kanisa huendelea. Miradi ya afya, kinyume na wote, huongezeka wakati wa gonjwa.

Ukiwa na majibu ya maswali haya mawili, sehemu kubwa ya uchaguzi imeshafanyika.

Laivu mtandaoni

Watu waliposikia habari za mtandao mwaka 2020 walisikia za wakubwa. Mwanarapa wa Marekani Travis Scott alitumbuiza ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite mwezi Aprili, watu milioni 12.3 wakiwa humo kwa wakati mmoja. BTS, kundi la Korea Kusini, waliuza tiketi za onyesho la mtandaoni mwezi Juni, watazamaji wakafikia 756,000. Metropolitan Opera ya New York ilionyesha opera bure kila usiku kuanzia 16 Machi. Ukiyatazama kwa makini, mambo haya matatu hayasemi kitu kilekile. Wawili wa kwanza walikuwa na mashabiki tayari, mamilioni kwa mamilioni, na mtandao uliwakusanya tu. Wale wa opera hawakuwa wanapiga chochote usiku ule. Walikuwa wanafungua ghala la maonyesho waliyoyarekodi kwa miaka mingi. Hakuna kati yao aliyeanza bila hadhira.

Sasa tuje Kijenge, hapa Arusha. Bendi ya watu saba inataka kurusha saa moja ya muziki. Video ya ubora wa kati inayopandishwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hula takribani GB 1.35 kwa saa, na hiyo ni kupandisha tu, kwenye laini ambayo jioni huzidiwa na watumiaji. Umeme ukikatika mnahitaji jenereta, na jenereta ina kelele. Sauti ikiingia kupitia maiki ya simu, besi hupotea na ngoma hupasuka, kwa hiyo mnahitaji fundi mitambo na kifaa cha kupeleka sauti kutoka kwenye miksa hadi kwenye simu au kompyuta. Na kama gonjwa ni la hewa, watu saba na fundi wao bado wamejifungia chumba kimoja.

Mapato yake ni yapi? Ili YouTube iwape sehemu ya pesa za matangazo, chaneli inatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi (Shorts) zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Bendi nyingi za harusi za hapa hazijafika hapo. Kinachobaki ni kutunzwa, na hapa ipo nafasi ambayo wengi waliipoteza. Kwetu mtu hatunzi gizani. Hutunza aonekane, atajwe, ainuke na noti mkononi huku MC akiimba jina la ukoo wake. Laivu yenye namba ya kulipia iliyobandikwa pembeni na kimya cha MC haikusanyi kitu. Laivu ambayo MC anasoma majina papo hapo, anamsalimu shangazi aliyeko Minnesota na mjomba aliyeko Muscat, hukusanya. Kwa hiyo kama mnakwenda laivu, MC ni muhimu kuliko kamera ya pili.

Kuna jambo la sheria pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022, zinadai leseni kwa baadhi ya watoa maudhui. Ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Kaskazini ipo Arusha, kwa hiyo pitieni muulize kabla ya kufungua chaneli ya burudani yenye kulipisha.

Nani afanye laivu, basi? Mwenye ndugu na mashabiki wengi nje ya nchi. Kwaya yenye washarika waliotawanyika. Msanii ambaye tayari ana wafuatiliaji. Kwa wengine wote, laivu ni gharama ya kujitangaza, na iandikwe hivyo kwenye daftari la kikundi ili mtu asije akaihesabu kama ajira.

Studio

Tofauti kati ya laivu na kurekodi inaonekana vizuri zaidi miezi sita baadaye. Laivu ikiisha imeisha. Wimbo uliorekodiwa unaendelea kupigwa redioni, unaendelea kusikilizwa Boomplay, na tangu Februari 2021 unaweza kusikilizwa na Mtanzania hata kwenye Spotify. Pesa yake haichemshi chungu mwezi huu, hilo lisifichwe. Hata hivyo, ukimsajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mtunzi na wimbo wake, ukahakikisha jina limeandikwa sawasawa, umefungua njia ya mirabaha ambayo bendi nyingi za hapa hazijawahi kuigusa kwa sababu tu ya uvivu wa karatasi. Muda wa zuio ni muda mzuri wa karatasi.

Studio ina faida nyingine kwa gonjwa la hewa: si lazima wote wawe chumbani pamoja. Mpiga besi anaingia asubuhi, mwimbaji mchana, madirisha yamefunguliwa katikati. Wengine walidhani wanaweza kufanya mazoezi pamoja kwa simu za video, na walishindwa, na sababu yake ni ya kifizikia. Wanamuziki huanza kupotezana mdundo sauti ikichelewa kupita kama milisekunde 30, ambayo ni sawa na kusimama mita 10 kutoka kwa mwenzako. Simu za video huchelewesha zaidi ya milisekunde 100. Kwa hiyo msipoteze bando kupiga pamoja mtandaoni. Njia inayofanya kazi ni kila mtu kurekodi sehemu yake akisikiliza wimbo wa mwongozo kwenye vipokea sauti, kisha prodyuza anaunganisha. Mtunzi wa Marekani Eric Whitacre aliunganisha hivyo sauti 185 kutoka nchi 12 mwaka 2010, miaka kumi kabla ya korona. Kwaya ya watu 30 yenye simu za kawaida inaweza. Kinachohitajika ni mwalimu mvumilivu na mtu mmoja anayejua kuhariri.

Ila studio haimfai kila mtu, na hapa ndipo ulinganisho unapouma. Bendi ya harusi inayoishi kwa kukopi nyimbo za wengine haina cha kurekodi. Haki si zake, na hakuna anayetafuta kopi ya wimbo ambao wa asili upo. Bendi ya namna hiyo ikitaka kutumia zuio vizuri, itunge: nyimbo mbili tatu za harusi zenye majina ya hapa, zenye mdundo wa hapa. Msanii wa hip hop yuko mahali pazuri kuliko wote. Jiji lililotoa X Plastaz na Weusi lina studio za mtaani zisizohesabika, na anayechana anahitaji maiki moja, biti moja na mtu mmoja upande wa pili wa kioo.

Kutoka nje

Kwa gonjwa la hewa, nje ni salama kuliko ndani, na huku kwetu nje ipo ya kutosha: bustani za hoteli, viwanja vya shule, ua wa kanisa. Lakini kalenda inapinga. Masika ni Machi hadi Mei, na zuio la 2020 lilituangukia masika yakiwa yamechanganya. Juni hadi Agosti baridi ya Arusha jioni huvunja hadhira kabla ya wimbo wa tatu. Moshi iko chini zaidi na ina joto, hivyo onyesho la nje la jioni linafaa zaidi Moshi kuliko Arusha katika miezi hiyo. Arusha ianze saa tisa alasiri, imalizike jua likiwepo.

Hesabu ya nafasi ifanyeni kwa futi kamba, msikubali makadirio ya promota. Ukimpa kila mtu au kila kundi la familia mraba wa mita mbili kwa mbili, kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinatoa nafasi 150. Ondoa jukwaa, njia na meza ya fundi, unabaki na kama 100. Kama kiingilio cha nafasi 100 hakirudishi gharama za vyombo, usafiri na kibali, basi msifanye, kwa sababu kishawishi cha kuongeza watu mlangoni kitawashinda. Bora maonyesho mawili ya dakika 45 yenye watu tofauti kuliko moja la saa tatu.

Ulaya walijaribu njia ya majaribio ya kisayansi. Leipzig, Ujerumani, Agosti 2020, watu wapatao 1,400 walishiriki onyesho lililopangwa ili kupima jinsi hadhira inavyokaribiana. Barcelona, tarehe 27 Machi 2021, watu 5,000 waliingia ukumbini baada ya kupimwa siku hiyohiyo, wakiwa na barakoa nzito, na hewa ya ukumbi ikisukumwa. Baadaye walipatikana sita walioambukizwa, na wanne kati yao ilibainika waliupata kwingine. Ni matokeo mazuri, lakini yalinunuliwa kwa vipimo 5,000. Hatuna bajeti hiyo. Mfano wa karibu nasi ni tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo mwaka 2020 lilichukua siku nne na Februari 2021 lilifanyika kwa siku mbili tu, 12 na 13. Walipunguza badala ya kufuta, na kupunguza ni ujuzi tunaoweza kuuiga.

Jambo moja zito zaidi. Hapa nchini, baada ya mapema Mei 2020 takwimu mpya za korona ziliacha kutangazwa, na Juni mikusanyiko ikarudi. Kuanzia hapo kila kikundi kiliamua chenyewe. Kibali cha afisa utamaduni kinasema mnaruhusiwa kukusanya watu. Hakisemi kama wodi zimejaa. Kabla ya kuweka tarehe, mpigie mtu unayemjua hospitali ya Mount Meru au KCMC, muuguzi tu anatosha, muulize wiki hii hali ikoje. Ukisikia anasita, ahirisha. Hadhira yetu ina wazee, na mzee wa Kibosho aliyeshuka mjini kuangalia mjukuu wake akicheza ngoma hana njia ya kujua kile tulichokijua sisi tukanyamaza.

Redio na kazi za kampeni

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa vikundi vingi vya hapa, na ndiyo iliyotumiwa kidogo kuliko inavyostahili.

Redio kwanza. Moshi kuna Radio Sauti ya Injili, Arusha kuna Radio 5 na Triple A, na huko Terrat, Simanjiro, kuna ORS FM inayosikilizwa sana na Wamaasai. Wasikilizaji wa redio hawahitaji bando. Wapo shambani, kwenye daladala, jikoni, dukani, na wakati wa gonjwa wanasikiliza zaidi kwa sababu wanatafuta habari. Kipindi cha nusu saa chenye watu wawili na gitaa moja kinawezekana hata masharti yakiwa makali. Malipo ni madogo, wakati mwingine hakuna, lakini jina linabaki masikioni, na kamati za harusi zikianza kuita tena huita jina wanalolikumbuka.

Kisha kampeni. Sanaa kufundisha afya si jambo la korona. Mwanamuziki wa Kongo Franco Luambo alitoa wimbo wa kuonya kuhusu UKIMWI mwaka 1987, miaka miwili kabla ya kifo chake. Ebola ilipokuwa inaua Afrika Magharibi mwaka 2014, Tiken Jah Fakoly, Salif Keita, Amadou na Mariam na wenzao waliimba pamoja kwa lugha mbalimbali za eneo hilo. Machi 2020 Bobi Wine na Nubian Li wa Uganda walikuwa tayari na wimbo wa kunawa mikono. Na hapa nyumbani, nani asiyekumbuka vikundi vya ngoma na maigizo vilivyozunguka vijijini kwa miaka mingi vikieleza UKIMWI chini ya mwembe?

Faida yetu ni lugha. Nyota wa Dar es Salaam ataimba Kiswahili kizuri, lakini bibi wa Rombo anataka kusikia Kirombo, na Kirombo si Kimachame. Mzee wa Longido anataka Kimaasai kutoka kwa mtu anayejua salamu zake. Ngoma ya Kimeru itaingia mioyo ya Wameru. Halmashauri, hospitali na mashirika yakitaka kufikisha ujumbe mlimani na nyikani, kikundi cha mtaa ndicho chenye sauti hiyo, na ni haki kidai bei yake.

Bei ndipo panapoharibika. Msanii huambiwa "hii ni kwa ajili ya jamii, jitolee." Lakini dereva wa gari la kampeni analipwa, mwenye spika analipwa, mtaalamu anapata posho, fulana zimechapwa kwa pesa. Msanii peke yake ndiye anayeombwa uzalendo. Nasema kwa moyo wote: kama wote wanajitolea, jitoleeni, na kama wengine wanalipwa, nanyi mlipwe, nusu kabla ya kazi. Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitenga shilingi milioni 100 za Kenya mwezi Aprili 2020 kwa ajili ya wasanii watakaoburudisha wananchi kwa redio, televisheni na mtandao wakati wa zuio. Wazo lililomo ndani ya tangazo hilo, kwamba kumfariji mtu aliyefungiwa nyumbani ni kazi yenye malipo, lipelekeni kwenye meza ya halmashauri yenu.

Tahadhari moja upande wa ujumbe. Wimbo huishi kuliko maelekezo. Nyimbo nyingi za mwanzo wa 2020 zilisisitiza kunawa mikono na hazikugusa habari ya kufungua madirisha, kwa sababu umuhimu wa hewa ulieleweka vizuri baadaye. Mistari ipitiwe na bwana afya au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya kabla ya kurekodi, na ibebe mambo yasiyobadilika haraka: dalili gani umkimbize mtu hospitali, usimfiche mgonjwa, usimnyanyapae aliyepona.

Kufunga na kusubiri

Wapo ambao jibu lao sahihi lilikuwa kufunga. Kinachoamua ni muda, na muda haujulikani mapema. Tanzania michezo na vyuo vilifunguliwa Juni 2020. Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, ilifungwa 12 Machi 2020 na maonyesho yake makubwa yakarudi Septemba 2021. Kenya walikaa na amri ya kutotoka usiku tangu 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021, na muziki wa usiku ukafa. Kufunga kwa miezi mitatu kunavumilika kwa akiba ya kikundi na kibarua. Kufunga kwa mwaka na nusu kunavunja bendi. Ukifunga, vyombo viwe vya mwisho kuuzwa. Spika iliyouzwa kwa bei ya shida hainunuliki tena kwa bei hiyo. Fundishieni gitaa na kinanda, mtu mmoja mmoja, nje barazani.

Mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na ile ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, inafaa kununua vifaa vya kuingiza pesa. Kukopa ili kula wakati wa zuio usilijaribu.

Kwa hiyo nani achague nini

Kikundi cha ngoma kinachotegemea loji: kampeni kwa lugha ya nyumbani, mara moja, kisha redio. Laivu acheni. Na kila mtu awe na vazi lake na njuga zake.

Kwaya: gonjwa likiwa la hewa, rekodini kila mtu kwake, na ibada ihudumiwe na waimbaji wanne waliotengana badala ya arobaini waliobanana. Gonjwa likiwa la maji au la kugusana, imbeni, ila chai ya baada ya mazoezi isimame.

Hip hop na bongo fleva: studio, bila kusita.

Kikundi cha maigizo: redio, kwa sababu igizo la sauti halihitaji jukwaa, na kampeni.

Bendi ya harusi, MC na fundi mitambo wako pamoja, na kwao ningeweka mkataba mbele ya njia zote hizi. Harusi zilizoahirishwa mwaka 2020 zilizaa ugomvi mwingi wa malipo ya awali: kamati inataka pesa irudi, bendi imeshailipia gari na mazoezi. Ugomvi huo unazimwa kwa vifungu viwili vinavyoandikwa kabla. Cha kwanza: mamlaka ikizuia mikusanyiko kwa sababu ya ugonjwa, malipo ya awali hayarudi, yanahamia tarehe mpya ndani ya miezi 12 kwa bei ileile. Cha pili hukisikii mara nyingi, na kwangu ndicho kikubwa zaidi: msanii mwenye homa au kikohozi hapandi jukwaani, kikundi kinaleta mbadala, na kamati haikati malipo. Bila kifungu hicho mwimbaji mgonjwa atakunywa dawa ya maumivu na kuja kuimba, maana asipokuja halipwi. Mkataba uwe nakala mbili, usainiwe na mwenyekiti wa kamati pamoja na mweka hazina wake.